Mawese Kwenye Breki

Pikapu ile ilikaa juu ya mawe katikati ya uwanja wetu, Ujiji, karibu miaka miwili, na muda wote huo mke wangu hakuanika dagaa nyumbani hata siku moja. Naandika hilo kwanza kwa sababu kila nilipolalamika juu ya gari nilisahau kulitaja. Alibeba dagaa wake kichwani mpaka Rusimbi kwa dada yake, akaanika kwenye uwanja wa watu, jioni akarudi nao.

Gari nililipata kwa mfanyabiashara niliyewahi kumfanyia kazi, alipofunga duka akahama. Lilikuwa zee tayari, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa. Ukiziba hapa, linavuja pale. Gasketi niliikata kwenye boksi gumu. Bomba la maji nililifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikiuliza spea naambiwa, "Labda treni ijayo." Treni ilikuja, ikaenda. Nilichoka, lakini kuacha nako niliona aibu, na sijui mpaka leo kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Kwetu dagaa huvuliwa kwa taa za karabai wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, wanashona nyavu. Basi mwezi mmoja wa kiangazi mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mbalamwezi hii nimekupa. Giza likianza, uwanja ni wangu. Gari likae barabarani, likae ziwani, mimi sijui."

Lilikuwa limebaki jambo moja, breki. Mafuta ya breki hayakuwapo mjini. Jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa mashine kwenye meli, alisema watu hutumia maji ya sabuni. Sabuni nayo ilikuwa ya foleni, na foleni yenyewe huenda ikaisha bila sabuni. Mawese yalikuwepo, kila nyumba ilikuwa nayo. Nani alitaja mawese kwanza? Miaka mingi nimesimulia kuwa ni yeye. Nikikaa nikafikiri vizuri, nadhani ni mimi. Yeye alisema tu, "Haya, mafuta ni mafuta," tena akitazama pembeni.

Tuliyachuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Mke wangu akapanda kwenye usukani ili tutoe upepo kwenye mabomba ya breki, mimi chini ya gari na spana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nashikilia, kwani umeona nimeachia?"

"Achia!"

"Huyu mume ana maneno matatu tu leo," akamwambia jirani. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mchana ule, jua likiwaka, gari lilitembea. Tulipanda mpaka Gungu tukageuza. Breki zilishika vizuri, sitaki kuzisingizia. Mke wangu aliweka kiwiko dirishani. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja akapiga kelele, "Shoga, umefika Ulaya!"

"Ulaya ya mawese!" akajibu.

Tuliporudi akasema, "Liache hapa nje."

Nikaziogopea tairi. Ukiibiwa tairi siku zile, umeibiwa gari. Nikasema lilale ndani usiku mmoja tu, alfajiri nitalitoa. Hakubishana. Nikaliingiza pale pale katikati, penye alama za mawe.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Niliwasha, injini ikaitika, gari halikusogea. Nikaita wanaume watano tukasukuma. Magurudumu yalikuwa kama yamepigiliwa misumari.

"Mwakeye," jirani akasalimu kwa Kiha, akainama, akatazama. Kisha akauliza polepole, "Mawese ya jikoni kwako yakoje saa hizi?"

Mke wangu alikuwa ameshika chupa mkononi, anaipeleka motoni. Mawese yalikuwa yameganda, manjano, kama kila asubuhi ya kiangazi. Kila mtoto wa Kigoma anajua hivyo. Mimi nilikuwa nakula mboga ya mawese hayo tangu niote meno.

"Jua likipanda yatayeyuka," nikasema.

Jua lilipanda. Pengine yaliyeyuka. Magurudumu hayakuachia, maana raba za ndani ya breki nazo zilikuwa zimekunywa mafuta zikavimba. Hapo ndipo dagaa wa kwanza wa giza walipofika, makarai mawili, na dada yake wa Rusimbi alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi, kwa kuwa sisi wenyewe tulimwambia hatuji tena.

"Kosa ni langu," nikamwambia mke wangu. "Nitalikatakata nilitoe vipande vipande."

"Utalikata lini? Dagaa hawa wanaoza leo."

Akatandika majamvi nyuma ya pikapu, kwenye boneti na juu ya paa, akapanda. "Nipe karai." Nikanawa grisi kwa majivu, nikampa.

Jioni dagaa walikuwa wamekauka, mapema kuliko chini. Akatafuna mmoja. "Hawana mchanga," akasema. Hakusema kwa furaha, wala kwa kunisuta. Alikuwa amechoka, hata mimi nilikuwa nimechoka.

Tukaendelea hivyo giza hadi giza. Mbalamwezi ilipokuja nilichukua spana mara moja au mbili, nikazirudisha.

Baadaye sana raba za breki zililetwa na treni, saizi yenyewe kabisa. Nilitaka kuandika kwamba sikumwonyesha mtu, lakini si kweli, mke wangu nilimwonyesha. Alizigeuza kiganjani.

"Unataka litoke, uwanja uwe wako?" akauliza.

Nikasema hapana. Akanirudishia, nikaziweka juu ya kabati, akatoka kwenda kugeuza dagaa juu ya pikapu.