Githinji Alivyoliaga Behewa la Bosi

Githinji hakuwahi kupenda garimoshi hata siku moja. Waliomsikia akisifu reli kwenye sebule ya bosi wake kule Al Thumama, Doha, wangeapa kwamba mtu huyu alizaliwa stesheni na kubembelezwa kwa honi. Uongo mtupu. Githinji alipenda cheo.

Cheo chenyewe kilikuwa cha mkuu wa kitengo cha kompyuta katika kampuni moja pale West Bay. Mwenye cheo hicho angeweza kuomba viza ya familia, na Millicent, mke wa Githinji, alikuwa Nyahururu, Kenya, na binti yao Shiku, ambaye alishazoea kubusu kioo cha simu akidhani ndivyo baba wanavyobusiwa. Kila walipopigiana Millicent aliuliza watakuja lini, na kila mara Githinji alimjibu, "Karibu tu, Mama Shiku, niko karibu."

Wa kukigawa cheo alikuwa bosi wao Mike, Mkanada mwenye ndevu nyeupe aliyekaa Doha hadi wajukuu wake wakamjua kwa picha. Sebuleni kwake hapakuwa na kochi. Palikuwa na meza kubwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake reli ndogo, mashamba ya ngano ya sponji, na theluji ya plasta. Nje jua la Julai lilikuwa likichoma watu hadi kwenye nyayo. Ndani Mike alivaa sweta, AC imefunguliwa mpaka mwisho, ili theluji ipate heshima yake. Juu ya reli hizo yalipita mabehewa ya kizamani ya Kanada, ya kahawia, ya kubebea ngano, kila moja la kutosha kiganjani. Mike aliyanunua yakiwa mapya, kisha akakaa wiki nzima akiyapaka kutu na vumbi kwa brashi nyembamba. Mji mzima unalipa watu wafute vumbi, na yeye anaagiza vumbi la chupa kutoka ng'ambo!

Cyrus, aliyefanya kazi na Githinji, alialikwa mara moja. Aliuliza mabehewa yanabeba nini, akaambiwa hayabebi kitu, akanywa chai yake akarudi kwenye seva zake. Githinji alibaki. Kila Ijumaa alitetemeka kwa baridi pembeni mwa ile meza na kusema, "Aisee, bosi, hiyo milango!" ingawa milango yenyewe ilikuwa milango tu.

Sasa Mike alikuwa na sheria yake: behewa likitimiza miaka arobaini katika kalenda ya reli yake, linastaafu. Siku moja alitangaza ofisini, kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani, kwamba Ijumaa ataliondoa relini behewa lake la kwanza kabisa. Wengine walikodolea macho kompyuta zao. Githinji aliruka na kuomba apewe kazi ya kuandaa sherehe.

Na Mkenya akipewa sherehe, mnajua wenyewe. Aliagiza keki yenye umbo la behewa. Akamfuata Omondi, askari wa hoteli aliyekaa naye chumba kimoja Al Rayyan, mwenye besi ya kutikisa madirisha kanisani.

"Buda, yaani mimi niimbie toy?" Omondi aliuliza.

"Usiite toy mbele ya bosi, utanimaliza. Imba tu ile ya kuaga wazee."

Ijumaa ikafika. Sala ya kufungua, wimbo, historia ya mstaafu. Kisha Githinji akasimama, koti limefungwa vifungo vyote, Omondi akimrekodi kwa simu.

"Itifaki yote ikizingatiwa," alianza, "behewa hili halikuwahi kusema limechoka. Limebeba ngano ya watu wengine kwenye baridi ya watu wengine." Alipoona macho ya Mike yamelowa, alikoleza. Alitafuta maneno ya kuuma moyo, akakumbuka yale Millicent aliyomwambia Jumanne kwenye simu akilia, akayatoa yote bila aibu. "Lakini kazi haina shukrani. Utaifanya mpaka lini? Nyumbani kuna watu wanaokungoja, na wamechoka kukujua kwa picha. Rudi, kabla hawajazoea kukaa bila wewe."

Mike alilia kama mtoto. Akaliondoa behewa relini kwa mikono miwili, na keki ikakatwa.

Jumapili asubuhi alimwita Githinji ofisini kwake. Githinji alinyoosha tai mara mbili kabla ya kugonga.

"Umenifungua macho," Mike alisema. "Nimeacha kazi. Narudi kwa mke wangu."

"Hongera, bosi," Githinji alisema, akingoja sentensi inayofuata.

"Na cheo nimempa Cyrus. Nilikuwa nimekuandikia wewe, ujue. Lakini nilipokusikia Ijumaa nikasema, mtu mwenye moyo wa nyumbani namna hii sitamfunga hapa." Akamkabidhi lile behewa, limefungwa kwenye karatasi laini. "Wewe pekee ndiye utakayelitunza."

Githinji alishukuru.

Jioni alimpigia Millicent. Ile video alikuwa amemtumia tangu Ijumaa, kwa kujisifu, kabla hajajua mambo yatakavyogeuka.

"Nimeiona," Millicent alisema. "Bosi alilia?"

"Alilia sana."

"Hayo maneno si ndiyo yangu ya Jumanne, Baba Shiku?"

Githinji aliinua behewa mbele ya kamera ili Shiku alione, na mtoto akalibusu kwenye kioo.

"Na yeye amefanya nini baada ya kuyasikia?"

"Amekata tiketi," Githinji alisema.

Millicent alimpokonya mtoto simu.

"Basi mke wake amepona," alisema. "Mimi wangu niliyemwambia kwanza bado yuko huko, ameshika behewa."