Mpira wa Mwalimu

Simu ya hospitali ilipoita, mama alikuwa anashona mpira wa vitambaa wa kaka yangu, uliopasuka darasani kabla hajalazwa. Nilisikiliza, nikasema, "Mama, kaka katutoka." Hakulia papo hapo. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akalia.

Kaka alifundisha muziki shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mpira. Aliwapanga wanafunzi duara, akarusha mpira kwa kufuata mapigo ya wimbo. Anayeudaka anaimba, wengine wanakanyaga mapigo kwa miguu. Kaka akiuficha mgongoni, sauti zinakatika, lakini miguu haisimami.

"Kimya nacho ni wimbo," alikuwa akiwaambia. "Kihesabuni."

Mama alimtania. "Hivi nilisomesha mwalimu au kocha?"

"Vyote viwili, mama. Haya, daka!"

Naye akadaka, pale pale jikoni, mwiko mkononi.

Sasa mama akataka wanafunzi wale waimbe kaburini. Kiongozi wa kwaya yetu akasita. "Mama, bila mwalimu wao watatuaibisha. Wamezoea kucheza tu wale."

"Basi waje wacheze."

Nilimwomba Mungu awashike. Wakiharibu, watu wangeondoka wakisema kaka alipoteza muda wa watoto wao, na mama angeyasikia.

Waliimba vizuri, msichana mmoja akiwashikia mapigo kwa kutikisa kopo la kokoto. Kabla ya mstari wa mwisho wakanyamaza ghafla, kopo nalo kimya. Nyuma yangu mtu akaguna. "Si nilisema?" kiongozi wa kwaya akanong'ona. Mchungaji, kwa huruma, akafungua kitabu chake. "Tuombe."

Mama akamshika mkono. "Bado, mchungaji. Mpira uko mgongoni."

Nikatazama chini. Viatu vyote vilikuwa vinakanyaga vumbi polepole, kwa pamoja. Kisha wakauingia mstari wa mwisho kama mtu mmoja. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki nyuma. Kiongozi wa kwaya akavua miwani, akaifuta.

Mchungaji akaomba. Jeneza likashushwa. Mama akatupia udongo wa kwanza, nikafuata mimi, kisha wanafunzi mmoja mmoja. Mpira mama alimkabidhi msichana aliyeshika kopo. Wanaume wakafukia, tukaweka maua, tukasema amina. Namshukuru Mungu aliyetuazima kaka. Jua lilikuwa kali, tukarudi nyumbani kwa miguu.