Maziwa Kwenye Tairi la Ndege

Siku ya kwanza kazini nilifukuza ng'ombe. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: kimbia huku, kimbia kule, fimbo mkononi, na ndege inazunguka juu inangoja mimi na ng'ombe tukubaliane. Nilifikiri nimeajiriwa kwenye mambo ya ndege, kumbe nimeajiriwa uchungaji. Na mimi ni Mpokomo, jamani. Sisi ni watu wa shamba, ng'ombe wananijulia wapi? Ndege iliposhuka, rubani akatoa kichwa dirishani akaniuliza, "Kijana, ni wewe unawafukuza au ni wao wanakufukuza?"

Huyo alikuwa Kapteni. Nitamwita hivyo tu, kwa sababu hata mke wangu alimwita hivyo.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa hapa Garsen, maana nasikia mnapewa fulana mpya na hamfundishwi kitu. Najua mambo ya kustaafu huandikwa na wazee. Mimi nina miaka thelathini na nne. Nilistaafishwa na mdomo wangu mwenyewe, nitafika hapo.

Shule yangu iliishia darasa la nane. Kila kitu nilijifunza kwa kutazama na kuuliza mpaka watu wachoke. Kapteni hakuchoka. Alinifundisha mizani kwanza. Ndege yetu ilikuwa ya injini moja, viti sita pamoja na cha rubani, na ndege kama hiyo haitaki adabu, inataka uzito. Kila mtu anapanda mizani na mzigo wake, awe chifu awe nani, halafu unagawa: wazito mbele ya mabawa, wepesi nyuma. Ukikosea, mkia unakuwa mzito na rubani anapigana na usukani njia nzima. Mara moja mheshimiwa fulani alikataa kupimwa. Nikamwambia basi atembee. Kapteni alinivuta pembeni. "Una haki," akasema, "lakini haki yako ina kelele sana."

Lakini mizani ni hesabu tu, mtu yeyote anaweza. Kazi yenyewe, ile ambayo hamfundishwi, ni mume na mke.

Kwenye ndege ndogo mara nyingi wanapanda wawili, mmoja amezoea na mwingine anakufa kwa hofu. Na dawa mbaya kuliko zote kwa mtu anayeogopa ni yule mwenzake aliyezoea. Anamcheka. Anamvuta mkono. Anamwambia "si nilikuambia ni kama gari tu," na mwenzake anaona waziwazi kwamba si gari. Kapteni alikuwa na sheria: mume akicheka, mwenye kuogopa anakaa mbele na mume anapelekwa kiti cha mwisho kabisa, kule ndege inakotikisa mkia. Tulimpeleka mwalimu mmoja huko. Aliposhuka, alimwomba mkewe msamaha kabla hata ya kuulizia begi lake.

Nilimwuliza Kapteni alijulia wapi haya. Alikuwa anafuta kioo.

"Mke wangu alipanda na mimi mara moja," akasema. "Nilikuwa kijana. Nikataka aone ninavyojua. Nikailaza ndege ubavu juu ya mto ili aone viboko. Hakupanda tena mpaka alipokufa. Miaka yote hiyo mimi napita juu, yeye yuko chini kwenye basi na vumbi lake. Tunakwenda mahali pamoja, tunafika siku mbalimbali."

Nilichukua kitambaa kingine nikafuta upande wa pili wa kioo.

Sasa sikieni yale aliyonifundisha. Mwenye kichefuchefu akae mbele karibu na rubani, atazame mbali pale ardhi inapokutana na mbingu, asitazame simu, asitazame chini. Tundu la hewa lielekezwe usoni. Asipande na njaa wala na shibe. Ndizi ya kuchemsha au mkate mkavu, na kipande cha tangawizi atafune polepole. Manukato hapana, udi hapana, yake na ya jirani. Kila mlio mwambie kabla haujalia: "Sasa utasikia ngurumo, ni injini. Sasa utasikia kitu kinalia, kitanyamaza." Mfuko wa kutapikia mpe mkononi mapema kama unampa leso, usimtolee wakati ameshageuka rangi. Na usimwulize kama anaogopa. Ukimwuliza, umemkumbusha.

La mwisho ni saa. Asubuhi kabla jua halijapanda, hewa imelala. Ikifika saa sita, saa saba, ardhi imepata moto, na moto unapanda. Hapa kwetu ni mbaya zaidi kwa sababu ya mto: juu ya mashamba hewa ni baridi, ukivuka ukaingia nyika inakupiga kutoka chini, ukirudi juu ya mto unaanguka. Mtu mwenye tumbo dhaifu usimrushe saa saba. Andikeni hiyo mahali.

Nilijua yote haya kwa ajili ya watu wengine kabla hayajanifika mimi.

Mke wangu ni Habona. Ni Muorma, wa watu wa ng'ombe, na ndiyo, watu walisema walichosema tulipooana, na niligombana na wote. Ana kilango kimoja cha moyo kisichofunga vizuri, ugonjwa wa tangu utotoni. Kila miezi mitatu lazima aonwe kliniki Nairobi, na kila asubuhi lazima ameze vidonge. Akitapika, vidonge vinatoka, na moyo unaanza kukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Kwa hiyo kwake yeye kutapika si aibu ya safari. Ni hatari.

Mafuriko yalipokata barabara mwaka wangu wa kwanza kazini, Kapteni akasema, "Mlete. Saa kumi na mbili na nusu. Kiti cha mbele ni chake."

Nikampanga kama ninavyopanga mayai. Ndizi, tangawizi, kila kitu. Tunafika kiwanjani, nani yuko pale? Mama yake, na kibuyu cha maziwa.

Mnajua desturi yao. Msafiri haondoki bila kunywa maziwa anayopewa na mama yake. Ni dua, ni njia kufunguka. Kumkatalia ni kama kumwambia mtoto wako asirudi. Na yalikuwa maziwa mabichi, mazito, ya ng'ombe wa asubuhi ile. Habona akashika kibuyu kwa mikono miwili. Mimi nikaona vidonge vyote vinatoka juu ya nyika.

Nilikinyakua. Mbele ya watu. "Hapana! Mnataka kumuua?" Nusu ikamwagika mchangani.

Wakwe hatutazamani machoni, lakini siku hiyo mama yule alinitazama. Wazee wawili waliokuwa wanangoja mizigo wakasimama. Habona akasema kwa sauti ndogo, "Komora, umemwaga maziwa ya mamangu," kama mtu ambaye bado hajaamini.

Kapteni alishuka kwenye ndege, akavua kofia.

"Mama," akasema, "huyu kijana hana adabu lakini ana akili kidogo. Mtoto wako leo hasafiri, amekaa tu. Anayesafiri ni huyu." Akapiga ndege ubavuni kwa kiganja. "Mbariki mnyama anayembeba."

Mama akaitazama ndege juu mpaka chini. "Mnyama gani huyu," akasema, "hata hakamuliwi."

Mzee mmoja akacheka. Kisha wote. Habona akagusisha midomo tu kwenye kibuyu, na mama yake akachovya vidole, akanyunyizia tairi la mbele maziwa yaliyobaki, akisema maneno yake ya Kiorma. Habona alikaa mbele, akatazama mbali, akafika Nairobi na vidonge vyake tumboni.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya kiwanja. Mama yeyote akija na kibuyu, maziwa yanakwenda kwenye tairi. Hata rubani wa zamu, anayeruka siku Kapteni akipumzika, akaizoea. Miaka minne Habona alipanda asubuhi, kiti cha mbele, na hakutapika hata mara moja. Nilijivunia hilo kuliko fulana ya kampuni.

Halafu akaja Meneja.

Alitumwa na kampuni kutoka Nairobi kuja kutunyoosha. Mtu wa viatu vyeupe. Siku ya tatu aliona maziwa kwenye tairi akauliza nani mchafu. Siku ya nne akatuita.

"Kuanzia sasa ndege inaondoka saa saba, ikishajaa," akasema. "Na kiti cha mbele ni cha wageni wanaotaka kupiga picha."

"Saa saba watu watatapika," nikamwambia.

"Kuna mifuko."

"Na wagonjwa?"

"Abiria ni abiria, bwana Komora. Wewe ni daktari?"

Kapteni hakubishana. Siku ya kliniki ya Habona ilipokaribia, alinipigia simu jioni ya kuamkia siku hiyo: saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Akaruka na watu watatu, Habona mbele, tairi limenyunyiziwa. Wiki ile ile akapewa barua ya kupumzishwa. Mtu aliyeruka juu ya mto huu tangu sijazaliwa, amepewa barua ya mistari mitatu, na jina lake limeandikwa vibaya.

Mimi sikulala. Asubuhi nilibeba mizani, ile mizani ya chuma ya kupimia watu, nikaingia nayo ofisini, nikaiweka mezani kwa Meneja juu ya makaratasi yake. Nikamwambia, "Panda, tukupime. Tuone kama una uzito wowote." Nikamwambia na mengine, ambayo mkwe wangu akiyasoma hapa atakufa. Vijana walipiga makofi nje. Nikavua fulana nikaitupa chini, nikatoka nikiwa mwanamume kuliko wanaume wote wa Tana River.

Nilimwendea Kapteni moja kwa moja nimpe habari. Nilitaka anipige bega. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza. Hakuna mtu atakugusa hivi mimi nikiangalia."

"Mimi nimeshazeeka, nilikuwa nakwenda zangu. Nilimrusha yule binti asubuhi nikijua watanitoa, na sikuwa na wasiwasi kwa sababu wewe ulikuwa unabaki." Akanitazama. "Sasa niambie. Kliniki ijayo, nani atasimama mlangoni pa ndege amfungie Habona mkanda?"

Wallahi sikuwa nimefikiria. Hata kidogo.

Miezi mitatu si mingi. Mto ulijaa tena, barabara ikakatika huku na huku, gari hazipiti. Nilikwenda ofisini kwa Meneja. Nilivua kofia. Nilisema "samahani bosi" mara tatu, na neno "bosi" lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki. Nikamwomba kiti cha mbele. Nikamwomba asubuhi.

"Kiti cha mbele kina mgeni," akasema. "Ndege ni saa saba. Na nje ya uzio, tafadhali. Hapa wanaingia wafanyakazi na abiria."

Kwa hiyo siku ya safari nilisimama nje ya uzio kama mbuzi wa mtu. Jua kichwani. Kijana mpya, mmoja wenu, alimpima Habona akamweka kiti cha mwisho, kwa sababu ni mwembamba, na kwa mizani alikuwa sahihi. Si kosa lake. Hakuna aliyemfundisha. Nilipiga kelele kutoka kwenye uzio: "Tundu la hewa! Mgeuzie tundu la hewa usoni!" Akanipungia mkono, akidhani namuaga.

Lakini kabla ya hapo, mama yake Habona alikuja na kibuyu. Alijua pa kwenda, akaelekea kwenye tairi. Kijana akamzuia kwa heshima. "Samahani Mama, amri ya ofisi." Mama akasimama katikati ya kiwanja na maziwa yake, hana pa kuyaweka.

Habona alitoka kwenye mstari. Akachukua kibuyu. Akanitafuta pale kwenye uzio mpaka macho yetu yakakutana, kisha akakiinua akanywa. Si kugusisha midomo. Alikunywa mpaka chini, saa saba mchana, mbele yangu, akamrudishia mama yake kibuyu kitupu.

Nilishika waya.

Ndege ilipopita juu ya mto niliiona ikianguka kidogo, halafu ikapanda, halafu ikaanguka tena. Nilijua kila pigo liko wapi.

Habona alipiga simu jioni. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekamuliwa. Alitapika mara nne. Hakuna aliyempa mfuko, alitapikia mtandio wake. Moyo ulikimbia, kliniki wakamlaza wamtazame mpaka kesho.

"Kwa nini ulikunywa?" nikamwuliza. "Ulijua."

"Ningempelekea wapi mamangu maziwa yake, Komora? Kwenye tairi hawataki." Kisha akaongeza, "Usimwambie nimetapika. Mwambie yamefika."

Nilikwenda kwa mkwe. Nikasimama nje ya nyumba, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mama, ameteremka salama. Maziwa yamefika."

"Alhamdulillahi." Kisha akasema, "Na yule mzee wa ndege sikumwona leo."

"Amestaafu, Mama."

"Na wewe? Mbona ulikuwa nje?"

"Mimi pia nimestaafu."

Nilimsikia akisuuza kibuyu, polepole, maji yanazunguka ndani.

"Kustaafu ni kwa wazee," akasema. "Wewe ulikasirika tu."