Mama Kuta na Chama cha Wajaribu Michezo

Watu wakisikia kwamba fulani analipwa ili acheze michezo ya kompyuta, humwonea gere. Basi wangemwona Mama Kuta akiwa kazini. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kumchukua shujaa wa kwenye skrini, upanga mkononi, na kumgongesha ukutani. Wala si ukuta mmoja: kila ukuta wa kila chumba cha kila jumba, hatua kwa hatua, aone kama kuna mahali shujaa anapenya na kutumbukia kwenye weupe usio na mwisho. Akipenya, Mama Kuta aliandika taarifa ili mafundi warekebishe. Asipopenya, alihamia ukuta wa pili. Mwenye gere na aje ajaribu.

Walikuwa wajaribu thelathini na mmoja katika chumba kile cha ghorofa ya pili, mapazia yamefungwa mchana kutwa ili jua lisipige kwenye skrini, kila mmoja kwenye kibanda chake cha mbao nyembamba, vipokea sauti masikioni. Mtu angeweza kukaa mwaka mzima asijue jirani yake ana watoto wangapi. Kushoto kwake alikaa Mzee Pole, ambaye hakuwa mzee hata chembe. Alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyetoa maneno kwa mkono wa birika. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa pale kazini, maana walisalimiana asubuhi na kuagana jioni.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mume alishatangulia mbele ya haki, binti ameolewa mbali, na dada yake mkubwa alipiga simu Jumapili, akiikumbuka Jumapili.

Wote pale walikuwa na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwaka ule mchezo ukachelewa, wakaambiwa wafanye kazi saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Mwenzao mjamzito, wa kibanda cha mlangoni, akaomba siku mbili apumzike. Alipewa. Ila mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa, kibanda kikafutwa vumbi, akakaa mwingine. Chumba kizima hakuna aliyefungua mdomo, Mama Kuta naye akiwemo, na jambo hilo lilimkosesha usingizi wiki nzima. Ndipo alipokata shauri kwamba lazima wawe na chama cha wafanyakazi. Alikitaka kwa ajili ya saa za kazi na mikataba, ndiyo, lakini tusidanganyane: alikuwa mpweke, na alitaka awe na wenzake.

Ofisa wa kazi wa serikali alimpa fomu ya kusajili chama na kumweleza kwamba zaidi ya nusu yao watie sahihi. Alisaini yeye kwanza, juu kabisa, kisha akazunguka nayo kwenye mkoba wiki tatu. Aliwavizia kwenye ngazi, akawavizia kwenye bomba la maji.

"Nitafikiria, mama."

"Mwingine akianza, na mimi nipo."

Kila mtu alikuwa tayari kuwa wa pili, ila huyo wa pili mwenyewe ndiye hakuonekana.

Sasa, pale kazini kulikuwa na utaratibu wao. Kosa likionwa na mtu mmoja halikuwa kosa. Uliliandika kwenye mfumo, na ilibidi mjaribu mwingine afuate hatua zako, alione kwa macho yake, kisha abonyeze "Nimeliona pia". Bila hivyo, baada ya siku mbili taarifa ilijifunga yenyewe. Basi Jumatatu asubuhi Mama Kuta akafanya jambo ambalo mwashi au mshonaji asingeliwaza. Alifungua mfumo wa makosa akaandika:

"Kosa: Mfanyakazi hutoweka akiomba kupumzika. Hatua ya kwanza: pata mkataba wa miezi mitatu. Ya pili: ugua, au pata ujauzito. Ya tatu: omba siku mbili. Kilichotarajiwa: mapumziko. Kilichotokea: kibanda kitupu. Uzito: mkubwa."

Kufika saa sita mchana watu ishirini na watatu walikuwa wamebonyeza. Mzee Pole alivua vipokea sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimeliona pia, dada," akasema, akavivaa tena.

Mama Kuta alikwenda chooni akalia kwa furaha.

Furaha hiyo haikufika jioni. Mfumo uliandika jina la kila aliyebonyeza, na msomaji wake wa kwanza alikuwa msimamizi. Mama Kuta alilijua jambo hilo kwa miaka tisa, lakini mazoea yana tabu yake. Sasa msimamizi alikuwa na orodha, tena imepangwa vizuri. Na ofisa wa kazi alipopigiwa simu akasema kubonyeza si kutia sahihi.

"Wewe ni mtu wa heshima hapa, mama," msimamizi alimwambia. "Si ungekuja kwangu tukaongea?"

"Nilikuja mara mbili, bosi. Ukaniambia niandike kwenye mfumo."

Msimamizi akakohoa. Kuwaondoa ishirini na watatu mchezo ukiwa umechelewa hakuthubutu. Kumwondoa mmoja alithubutu, na mkataba wa Mama Kuta ulikuwa unakwisha Ijumaa hiyo.

Haukuongezwa. Mama Kuta alipokuwa anaondoka aliiweka fomu kwenye kibanda cha jirani yake.

"Dada, mimi siwezi haya mambo," Mzee Pole akasema.

"Kaa nayo tu."

Wiki sita zikapita bila mtu kumpigia simu. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alipika kidogo, na bado kikabaki.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia Jumapili moja, "umejichomea kibanda kwa ajili ya watu wasiojua hata unakaa wapi."

Ni kweli, hawakujua.

Kisha Mzee Pole akapiga. Siku ile ya orodha, alieleza, kila mmoja aliyaona majina ya wenzake na kugundua kwamba hayuko peke yake. Fomu ikatembea.

"Tumefika ishirini na saba. Ijumaa tunachagua viongozi. Njoo, dada."

"Pamoja na sahihi yangu?"

"Ofisa ameikata. Anasema ni kwa walio kazini tu."

"Asiyekuwapo na lake halipo," Mama Kuta akasema, akajaribu kucheka.

Alikwenda. Walikodi darasa la shule, yeye akakaa kiti cha nyuma. Mzee Pole alisimama akasema kwa sentensi mbili kwamba bila huyu mama wasingekuwa hapa, nao wakageuka wakampigia makofi, akaona haya na akafurahi. Kisha wakaulizwa nani anataka Mzee Pole awe mwenyekiti, mikono ikanyooka. Wa Mama Kuta ulinyooka kabla hajafikiri.

Mhesabu kura alikuwa msichana aliyekalia kibanda cha Mama Kuta siku hizi. Alipita mstari kwa mstari na penseli, akigusa hewa juu ya kila mkono. Alipofika kwa Mama Kuta akasita.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya chini, akampita.

"Ishirini na saba," akatangaza mbele. Mama Kuta akaushusha mkono wake, akapiga makofi pamoja nao.