Kiduara Kimoja Kikabakia

Uape kwanza kama hautaambia muntu. Minyi pia niliapa, ona sasa.

Ku masomo moja ya hapa Kamina, kwenye ninauzishaka mikate, enternete ilikuwa inakwama kila siku. Prefe, mukubwa wa masomo, akatuita bote ku kiwanja, akasema: "Sentineli wa mulango njo anaimaliza na telefone yake. Fundi akimupata, leo anafukuzwa." Kisha akajifungia mu biro, ati iko na kazi.

Fundi, kabinti kembamba, akafungua ordinatere. Alibonyeza mara moja tu, mashini zote zenye kukula enternete ya masomo zikajichora ku ekra, kila moja na kiduara chake. Hata minyi muuza mikate nikaelewa.

Akatuambia: "Batata, bamama, zimeni telefone." Tukazima bote, na sentineli pia.

Biduara bikapotea, kimoja kikabakia. Akakibonyeza, akasoma polepole: "Hii haiko telefone. Ni televizyo."

Televizyo iko moja tu pale, mu biro ya prefe. Sentineli, mwenye funguo, akafungua biro mbele yetu bote: prefe, viatu pembeni, iko anaangalia mupira.