Kifutio wa Dawati la Tatu

Wifi yangu amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na mitatu. Tangu tumzike kaka yangu, huenda kazini kama mtu aendaye bombani: ndoo ipo, njia anaijua, basi. Halii, hacheki. Ukimuuliza darasa linaendeleaje, hujibu, "Lipo."

Muhula huu palikuwa na fomu ya kumrudisha chekechea msichana wa dawati la tatu, ambaye kila jaribio la hesabu alikabidhi karatasi tupu. Wenzake walimwita Kifutio. Wifi aliisaini Jumatatu bila kusikia lolote moyoni, kama asainivyo mahudhurio.

Jumanne mguu ulimvimba. Binti wa chuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha akashika chaki. Wifi akakaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti karibu na kidevu. Kwa mara ya kwanza aliliona darasa lake kwa nyuma: visogo, kola zilizofumuka, miguu inayoning'inia bila kufika sakafuni.

Kifutio alikuwa akiandika. Saba na tano, kumi na mbili. Tisa na nne, kumi na tatu. Hakusita hata mara moja.

Kisha binti wa chuo akaanza kupita kati ya madawati, kama alivyojifunza kwa wifi: aliyepata, anapitwa kimya; aliyekosa, mwalimu anasimama kando yake. Viatu vilipokaribia dawati la tatu, mtoto akafuta kila kitu.

"Tupu tena?" binti akasema, akasimama.

Wifi akamwinamia mtoto wa benchi lake. "Mbona anafuta?"

"Si mwalimu akija kusimama kwako ujue umekosa? Na kwake mnasimama kila siku. Akisikia viatu, anajua amekosa, anafuta."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikwambia! Tukisema Kifutio amefuta, unasema, keti chini, mmbea wee."

Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, nimehudhuria semina zisizo na idadi, na sijaona ratiba hata moja inayompa mwalimu nusu saa ya kukaa nyuma atazame. Wakaguzi wa kumtazama yeye wapo tele. Fomu nazo hazijawahi kuadimika.

Wifi alichechemea hadi kwa mwalimu mkuu.

"Naiomba ile fomu."

"Imeshakwenda ofisi ya elimu, mama. Kwani kuna nini?"

"Hesabu anajua. Nimemwona akiandika."

"Karatasi zake zote ni sifuri. Na hiyo ya kuona haina kisanduku humu." Akafunga faili. "Halafu uliyesaini ni wewe, dada yangu."

Jumatatu iliyofuata Kifutio alibeba mkoba wake akavuka ukumbi, akaketi na watoto wa miaka minne.

Wifi alinisimulia haya akimenya viazi, kwa sauti ileile ya "Lipo." Mimi niligonga meza. Yeye alisogeza bakuli lisimwagike.

Siku hizi, alisema, saa ya mapumziko huenda chekechea. Huvua viatu mlangoni, akakaa sakafuni kando ya Kifutio kabla mtoto hajashika penseli, asisikie viatu vikimjia. Juzi mtoto aliandika hesabu nne.

"Akafuta?"

"Moja." Akachukua kiazi kingine. "Ile aliyokosea."