Mchana Kengele Haikulia Tabora

Kengele kubwa ya kanisa letu la zamani iliingia Tabora kabla ya reli. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba kutoka pwani, ikining'inia kwenye mti mrefu mabegani mwao, na babu yake baba alikuwa mmoja wao. Baba hakumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Yeye ndiye aliyeipiga asubuhi, adhuhuri na jioni, bure, nasi tukila karanga na mihogo ya shamba la mama.

Ikilia saa sita, mafundi cherehani Waislamu wa mtaani kwetu waliacha cherehani zao, wenye maduka Wahindi wakarudisha milango, na kina mama wakabandika maji ya ugali. Saa za ukutani zilikuwapo, ila nani alizijali?

Miaka ya Ujamaa, wasio na kazi mjini walipelekwa vijijini kulima. Baba naye akaitwa ofisini. Nilimsindikiza, mwanangu wa kwanza mgongoni.

"Shikamoo, mzee," karani alisema. "Kazi yako nini?"

"Marahaba. Napiga kengele."

"Hiyo si kazi. Jumatatu utapanda lori la kijiji cha Goweko, ukalime."

Baba akakaa kwenye benchi, akagoma kuondoka. Alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu, na siku ile nilimwonea hasira. Nani angemtunza huko, na magoti yale? Saa sita ikapita sote tukiwa tumenuna. Hata karani hakwenda kula.

Mara akaingia balozi wetu wa nyumba kumi, seremala Mwislamu, randa mkononi, anahema, na kundi la majirani nyuma yake.

"Mzee kafa? Hayupo mnarani wala nyumbani!" Alipomwona baba akashika kifua. "Alhamdulillahi! Wake zetu hawajabandika hata sufuria. Tulidhani umekufa!"

Karani akatazama saa yake, akashtuka. Akamweleza balozi habari ya lori.

"Mwanangu," balozi akasema, "huyu anatufanyia kazi sisi wote, na mimi si Mkristo. Andika hivyo, nitatia saini."

Karani akaandika.

Baba alimshika balozi mkono hadi mnarani, nami nyuma yao nikilia bila haya. Akapiga saa sita ikiwa saa nane kasorobo, na hakuna mtu Tabora aliyemsahihisha.